Diski ya Kuzunguka na Sauti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Laptop imefika. Mke wangu ameinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inabadilisha mashine zake. Nyeusi, nyembamba, haina hata mkwaruzo. Ila haina diski. Ofisi iliing'oa kabla ya kuuza, siri zao zisije zikatoka nje. Pale ilipokaa pamebaki shimo la mstatili. Nimelimulika kwa tochi robo saa nzima. Shimo safi sana. Aliyelichonga anajua kazi.

Diski ndiyo inayotunza kila kitu kilichomo kwenye kompyuta. Hilo nalijua, na kwa leo linatosha.

Sasa shida yenyewe. Kwenye laptop yetu ya zamani, ile iliyovunjika bawaba ambayo kioo chake tunakiegemeza kwenye birika, kuna sauti ya mama mkwe. Saa arobaini na moja za sauti. Mke wangu alimrekodi kwa miaka mitatu, kila likizo, akisimulia maisha yake tangu alipoota meno. Mwaka jana mama mkwe alipasuliwa koo. Alipona, sauti haikurudi. Siku hizi anazungumza kwa kijidaftari na penseli. Jumapili anakuja kwetu, anatimiza miaka sabini. Mke wangu anataka wajukuu wakae chini wamsikie bibi yao, na bibi mwenyewe ajisikie. Na laptop ya zamani imeanza kugonga ndani. Tk, tk, inanyamaza, tk.

Mke wangu akasema atamwomba mdogo wake atuchagulie diski.

Shemeji! Anafanya kazi kitengo cha kompyuta hospitalini, na mkononi anavaa saa inayohesabu hatua zake, inayojirekebisha yenyewe, na isiyofunguka popote. Mtu anayevaa saa isiyofunguka mbele ya fundi saa anatafuta ugomvi. Nikasema hapana, diski nitaichagua mimi. Miaka ishirini na sita natengeneza saa, nyingine za akina mama zilizo ndogo kuliko kitufe cha shati, nitashindwa na kijisanduku?

Mke wangu akasema sawa. Ni mkunga, hapendi kupoteza maneno. Nimeridhika sana na jinsi alivyokubali haraka.

Jumanne, 4 Machi

Saa tano kasorobo nimefunga kibanda, nikatundika kibao cha narudi punde, nikaenda duka la vifaa vya kompyuta. Mpango: kumfanya muuzaji aseme yote anayoyajua bila yeye kugundua kwamba mimi sijui lolote.

Muuzaji ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Nimempa jina la Miwani. Nikamwambia nataka diski. Akauliza ya kuzunguka au isiyozunguka.

Nilikuwa sijajua kwamba kuna inayozunguka. Nikakohoa kidogo kupata nafasi. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maswali mepesi, kwamba ningependa kwanza kusikia yeye anazielezaje hizo mbili, maana kila duka lina lake. Akaingia mtegoni mzimamzima. Akaeleza kwamba ya kuzunguka ina sahani ndani, na mkono mwembamba unaopita juu ya sahani ukisoma na kuandika. Ni kubwa ya nafasi, ni ya zamani kidogo, na haipendi kuangushwa. Isiyozunguka haina kitu kinachocheza. Ni vipande tu vimetulia kwenye ubao. Ina haraka, haina kelele. Akaitaja kwa herufi zake tatu, sikuziandika.

Nikauliza sahani inazunguka kwa kasi gani. Nilitegemea aseme haijui. Akasema mara elfu tano na mia nne kwa dakika.

Nikarudi kibandani nikagawanya kwa penseli. Mara tisini kwa sekunde! Gurudumu la mizani kwenye saa ya kawaida hupiga mara tano kwa sekunde, na kwa kulitazama hilo tu nimemaliza macho yangu. Tisini! Halafu ipo kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati. Chakula cha mchana kimepoa mezani. Nilikuwa nazungusha sahani ya chai kwa kidole, nikijaribu kufikiri tisini.

Jambo moja linanikera. Nilimwuliza Miwani ni nani anayeitia mafuta. Akasema haitiwi mafuta, hakuna anayeifungua. Miaka na miaka, mara tisini kwa sekunde, na hakuna mtu aliyeinua kifuniko. Nikamwonea huruma mtu huyu, anauza vitu vikavu hivyo na hajui.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa leo: kupata maoni ya Shemeji bila Shemeji kujua kwamba nimemwuliza.

Nimempigia simu saa nne na dakika kumi na mbili. Nikamwambia hapa kibandani nina mteja, mzee mmoja mgumu wa kuelewa, kaleta saa yake na sasa anasumbua watu na maswali ya diski. Nimeshamweleza mara mbili lakini anataka kusikia kwa mtu wa hospitali. Je, mzee huyu achukue ya kuzunguka au isiyozunguka?

Shemeji akasema mzee achukue isiyozunguka aiweke kwenye laptop, halafu vitu vyake vya maana avinakili kwenye diski ya pili na kuiweka kando, maana diski yoyote hufa siku moja. Akaongeza kwamba mzee asifungue chochote kwa bisibisi. Nikauliza kwa nini amesema hivyo, mzee hajagusa bisibisi. Akasema amesema tu. Akauliza kama mzee naye ni fundi saa. Nikasema mzee ni mkulima. Akasema nimsalimie mzee, na nimsalimie dada.

Simu imekwenda vizuri kabisa. Hakushuku lolote.

Kwa hiyo isiyozunguka ndiyo chaguo la Shemeji. Nimekaa nikaitafakari. Kitu kisichocheza ndani kitamtunzaje mama mkwe? Yeye mwenyewe hakuwahi kutulia. Alikuwa akisimulia huku anapepeta, anasuka, anamfukuza kuku. Na sauti ni mtikisiko, hata shuleni walitufundisha. Kitu kinachotikisika huwekwa mahali palipotulia? Shemeji hajawahi kujiuliza hilo. Amepewa saa inayojirekebisha, akaacha kuuliza.

Hata hivyo mimi si mtu wa chuki. Nitazipima zote mbili kwa haki.

Alhamisi, 6 Machi

Kipimo cha haki kinahitaji chombo. Saa hupimwa kwa sikio. Lakini diski ni nzito, sauti yake iko ndani, sikio tupu halifiki. Ndipo nikakumbuka pembe ya mke wangu, ile ya mbao wanayotumia wakunga kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Asubuhi alipokuwa anaoga nimeitoa mkobani mwake. Kwa siku moja tu.

Kwanza nimeijaribu kwenye laptop ya zamani. Maajabu! Nimesikia kila kitu. Mvumo mwembamba wa sahani, kisha mkono ukienda na kurudi, kisha ile tk. Nimefunga macho. Ni ukavu. Naujua ukavu popote nitakapousikia.

Kisha dukani. Nimemwomba Miwani aziwashe diski mbili juu ya kaunta. Ana mashine yake ya kujaribia, akaziunganisha bila kuniuliza sababu. Nikainama na pembe. Ya kuzunguka ilikuwa inaimba, mvumo mmoja, laini, hauyumbi. Ningeweza kukaa pale mpaka jioni. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja alisimama nyuma yangu, akasubiri kwa heshima, kisha akaniuliza ina miezi mingapi.

Isiyozunguka: kimya. Nikageuza pembe, nikajaribu sikio la pili. Kimya. Nikamwambia Miwani kwa upole kwamba hii yake imekufa. Akasema ni nzima. Nikauliza anajuaje. Akasema unaifungua faili, ikifunguka ujue ni nzima. Yaani unamjua mgonjwa yuko hai kwa kumtuma dukani! Nimenunua ya kuzunguka.

Jioni mke wangu alirudi akiwa amechoka. Alisema ametumia pembe ya mwenzake siku nzima, na akina mama watatu walisubiri. Nikasema vitu vya siku hizi vinapotea ovyo. Baadaye aliikuta pembe juu ya kabati, akainusa, akasema inanuka mafuta ya saa. Nikaenda kumwagilia maua, ingawa mvua ilikuwa imenyesha.

Nimeona aibu kuhusu wale akina mama watatu. Nimeandika hapa ili nisijifanye sikuona.

Ijumaa, 7 Machi

Kwenye kibanda changu kuna sheria moja. Saa haivaliwi kabla ya kufunguliwa. Hata ikitoka kiwandani leo na karatasi yake, naifungua, naitazama, naitia tone la mafuta, naifunga. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye. Kiwanda hakimjui anayevaa. Fundi anamjua.

Kwa hiyo diski mpya nimeifungua.

Skrubu zake zina vichwa vya nyota, ilinibidi ninunue bisibisi maalumu. Moja imefichwa chini ya karatasi yenye maandishi madogo ya onyo. Skrubu ikifichwa ni kwamba ndiyo yenyewe. Nimevaa lenzi jichoni, nikainua kifuniko polepole.

Sijui niandikeje. Ndani kuna kioo. Sahani ya duara inayong'aa kuliko kioo chochote nilichowahi kushika, haina alama, haina mwandiko, haina mfereji. Mkono wake umekaa pembeni, mwembamba, unaishia kwenye ncha ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Nilikaa nikitazama mpaka mteja akagonga kaunta mara tatu. Nilimwambia saa yake iko tayari, na haikuwa tayari.

Nilitafuta mahali ambapo sauti ingekaa. Niliona uso wangu tu, na pua kubwa.

Basi. Tone moja la mafuta katikati, mahali panapozungukia. Nikapuliza kivumbi. Nikafunga skrubu zote kwa mpangilio wa msalaba, kama inavyotakiwa. Nimeiweka kwenye shimo la laptop mpya. Imeingia kama ilizaliwa humo.

Laptop ikasema haioni diski. Nikaitoa, nikaiweka tena. Ikasema haioni diski. Diski ikawa inagonga, tk tk tk, haraka, halafu ikanyamaza moja kwa moja.

Nimeirudisha kwa Miwani. Akaigeuza, akatazama ile karatasi iliyotobolewa, akapitisha kidole pembeni, akakisugua kidole kwenye kidole. Mafuta. Akaivua miwani na kuniuliza taratibu ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Akasema ahaa. Akamhudumia mtu wa nyuma yangu.

Nimelichambua kosa njia nzima. Kosa ni tone. Tone zima ni la saa ya ukutani. Kwa kitu cha kasi hii ilitakiwa nusu tone, pengine robo. Nimefarijika kulijua mapema.

Mke wangu ameuliza diski imefikia wapi. Nimesema iko kwenye matengenezo ya mwisho. Hilo si uongo kamili.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi mke wangu kaenda zamu. Nimebaki na laptop mpya isiyo na diski, na ya zamani yenye diski inayogonga. Kesho mama mkwe anakuja. Nikapata wazo, na mpaka sasa naona lilikuwa zuri lilipokuja: kwa nini ninunue nyingine? Niitoe diski ya zamani niihamishie kwenye laptop mpya. Vipimo vinalingana, nimepima kwa rula. Sauti zote zimo tayari, hakuna hata kunakili. Shemeji angekuja kesho akakuta kila kitu kimekwisha.

Nimeihamisha. Ikawaka! Nimeisikia sauti ya mama mkwe kwa macho yangu, yaani nimeona faili zake zote zimejipanga, moja baada ya nyingine, na tarehe zake. Nikafungua moja. Alikuwa anasema habari ya mbuzi aliyekula daftari la shule. Kisha tk. Sauti ikakwama. Ikaendelea. Tk. Ikakwama tena, kwenye neno moja, mbu, mbu, mbu.

Ningeiacha hapo. Mtu mwingine yeyote angeiacha hapo. Lakini nilikuwa naijua dawa, nilikuwa nayo mfukoni. Ukavu. Robo tone.

Nimeizima, nimeitoa, nimeifungua. Kioo kilekile. Nimetia robo tone kwa ncha ya sindano, na sikukosea, ni robo. Kisha nikaona alama kwenye kioo, kiwingu kidogo, huenda ni pumzi yangu. Nikakifuta kwa kitambaa laini cha kufutia vioo vya saa. Mara moja tu, kwa duara.

Nimeifunga. Nimeirudisha. Laptop ikasema haioni diski.

Nimejaribu mara kumi na nne. Nimeipasha joto kwapani. Nimeiweka kwenye laptop ya zamani, labda imezoea nyumbani. Nimeisikiliza kwa kikombe, maana pembe sasa inatembea na mwenyewe. Hakuna mvumo. Hakuna hata tk.

Saa arobaini na moja. Mbuzi na daftari, na habari ya babu yao ambaye wajukuu hawakumwona, na nyimbo alizokuwa anawabembelezea watoto ambao sasa wana ndevu. Hawezi kusema tena hata neno moja kati ya hayo. Nimeyafuta kwa kitambaa, kwa duara. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi juu ya kitu kilicho mezani kwangu.

Mke wangu amerudi saa kumi na moja, kaimba akipika. Nimeshindwa kumwambia. Nimeosha vyombo vyote, na vilivyokuwa safi pia.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa asubuhi: pasiwe na umeme. Umeme usipokuwepo hakuna laptop, na pasipo laptop hakuna wa kulaumiwa. Saa mbili nimetoa fyuzi kubwa pale ukutani nikaitia mfukoni.

Mama mkwe alifika saa tatu na nusu akiwa na Shemeji na wajukuu. Mdogo, mkavu, macho yanacheka. Akanishika mikono yote miwili, akaitazama kama anavyofanya siku zote. Nikatamani kukimbia. Mke wangu akasema pole jamani, umeme umekatika. Shemeji akatoka nje kutazama majirani, akarudi, akasema majirani wanao. Akaenda moja kwa moja ukutani. Akauliza ni nani ana fyuzi. Akachukua ya akiba juu ya mlango, akaiweka. Taa zikawaka. Saa yake ikampongeza kwa hatua.

Nikamfuata mke wangu jikoni. Alikuwa anakata vitunguu. Nikasema yote, bila kupumzika, tangu tone la kwanza. Nikasema na kitambaa. Nikasema nimeua sauti ya mama yake na sijui mimi na mke wangu tutaishije nyumba moja. Nilikuwa nalia, na haikuwa vitunguu.

Akaweka kisu chini. Akasema sauti ipo. Jumanne, nilipokuwa dukani namtega Miwani, mdogo wake alikuja na diski zake, akanakili kila kitu, nakala mbili. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ameishi na mimi miaka kumi na tisa. Alidhani nitaharibu ile mpya tu, nifurahi, iishe. Ya mama yake hakudhani ningeigusa. Hapo sauti yake ikabadilika, na nikaelewa kwamba nimemwumiza, sauti ipo na nimemwumiza hivyohivyo. Nikamwomba radhi. Akasema nimalizie vitunguu.

Tulikaa sebuleni. Shemeji akafungua laptop yake, akachagua faili bila kuchagua, ya katikati tu. Chumba kikajaa mama mkwe. Sauti ileile nene, yenye mchanga kidogo. Wajukuu walikuwa wanamtazama yeye, wanatazama laptop, wanamtazama yeye. Kiganja chake kilikuwa kimekaa kooni.

Alikuwa anasimulia siku nilipokwenda kwao kuposa. Sikujua kwamba hilo lilirekodiwa. Akasema kijana alikuja na suruali ya kuazima, akanywa chai, hakuulizia hata habari ya binti. Akawa anaitazama saa ya ukutani. Akaomba aifungue, aitazame tu. Wakamwambia ni nzima, haijawahi kukosea. Akasema ndiyo maana anataka kuitazama. "Basi akaifungua," ilisema ile sauti, "na mpaka leo haijatembea. Ana mikono mizuri sana yule kijana. Nikamwambia binti yangu, olewa naye, ila usimwachie kitu kizima."

Kisha akacheka, kwenye laptop, kicheko kirefu cha kujisahau. Na mama mkwe kwenye kiti naye akaanza kucheka, mabega yanapanda na kushuka, mdomo wazi, bila sauti yoyote. Vicheko viwili vikaenda pamoja, kimoja kwake na kimoja kwenye mashine, mpaka vikaisha pamoja. Akafuta machozi. Akachukua kijidaftari akaandika, akanipa mimi kwanza. Kaandika: Nilisema uongo?

Nikatikisa kichwa. Sijawahi kupenda sauti ya mtu kama nilivyoipenda ile leo.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji alirudi asubuhi akaweka diski kwenye laptop mpya. Ile isiyozunguka. Ametia sauti zote humo. Nakala moja inakaa kwake, nyingine kwa mama mkwe mwenyewe. Nimemshukuru kwa moyo, na nimekiri mbele ya mke wangu kwamba Shemeji anajua kazi yake. Imeniuma kidogo kuliko nilivyotegemea.

Kisha akanishangaza. Alikuwa amebeba boksi. Ndani kuna diski saba za kuzunguka, zilizokufa, zimefutwa kila kitu, alikuwa nazo stoo kwake. Akasema ni zangu, nifungue ninavyotaka. Mke wangu akasema sasa nina cha kuchezea.

Wanasema kuchezea kwa sababu wanaona haya kusema wazi. Mtu hampelekei fundi mashine saba mbovu ili acheze. Ni kazi. Nimetambuliwa. Nimefungua mbili tayari. Ya kwanza nimetia sehemu ya nane ya tone, ya pili sikutia, nipate kulinganisha. Kitambaa sitatumia tena. Unyoya wa kuku ni laini zaidi.

Lakini usikivu wangu wote uko kwenye ile nyingine. Laptop iko hapa mezani na kimya chake. Nimefungua faili ya mbuzi, mama mkwe kasimulia mwanzo mpaka mwisho, daftari limeliwa lote, hata jalada. Nikaweka sikio. Hakuna mvumo. Hakuna sahani, hakuna mkono, hakuna kinachocheza, na bado mama anacheka humo. Anacheka wapi? Anakaa upande gani? Mtu anawezaje kumaliza siku bila kulijua hilo?

Kugusa sitagusa. Nimeapa. Nitatazama tu, kwa lenzi, bila mafuta, na nitakaporidhika nafunga.

Mke wangu ameondoka zamu na bisibisi yangu ya nyota mkobani, pamoja na pembe. Hajui kwamba bisibisi zilikuja mbili.